Je, Wajua? Kwa Nini Breki za Pikapu Hulia, na Kwa Nini Vumbi la Dodoma Huzizidishia

Simama kando ya barabara kuu pale Kibaigwa msimu wa mahindi, pikapu zinapoingia sokoni na magunia. Nyingine utazisikia kabla hujaziona. Waulize madereva kuhusu mlio huo, utapata majibu mawili. Wapo watakaosema pedi zimekwisha, nunua mpya. Wapo watakaosema acha ilie, breki inayolia ndiyo inayoshika. Kila jibu lina siku yake ya kuwa kweli, na kila moja linaweza kukutia hasara: la kwanza hasara ya fedha, la pili hasara inayozidi fedha.

Tuanze na sauti yenyewe inakotoka. Kwenye pikapu nyingi tunazotumia, magurudumu ya mbele yana diski, yaani sahani ya chuma, na ya nyuma yana dramu, yaani ngoma ya chuma. Ukikanyaga pedeli, mafuta ya breki yanasukuma pistoni, nazo zinabana pedi, vile vibao vya kusugua, kwenye diski inayozunguka. Nyuma, silinda ndogo inatanua shuu mbili, vibao vilivyopinda vyenye kazi kama ya pedi, mpaka zikutane na ukuta wa ndani wa dramu. Msuguano ndio unaosimamisha gari, ila msuguano hauendi laini. Pedi hunata kwenye diski, ikaachia, ikanata tena, mara maelfu ndani ya sekunde moja. Kunata na kuachia huko ni mtetemo, na mtetemo ukipata chuma cha kuupokea unakuwa sauti.

Mlio mwembamba wa breki huwa kati ya mitetemo 1,000 na 16,000 hivi kwa sekunde. Sikio la binadamu nalo husikia vizuri zaidi kati ya 2,000 na 5,000, yaani ndani ya eneo hilohilo. Ndiyo maana mtetemo mdogo usioonekana kwa macho unasikika mpaka mtaa wa pili. Na pedi yenyewe haina sauti kubwa. Kinachoipaza ni chuma kinachoizunguka. Dramu ndiyo hodari kuliko vyote, kwa sababu kwa umbo lake ni kengele: gamba la chuma, wazi upande mmoja, ukiligonga linavuma.

Kwa hiyo breki nzima kabisa inaweza kulia, na breki mbovu inaweza kukaa kimya. Hili ni la zamani sawa na breki zenyewe. Mwaka 1902 Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski, na pedi zake zilikuwa za shaba. Shaba ikisugua chuma ilipiga kelele isiyovumilika. Nafuu ilikuja pale Mwingereza mwingine, Herbert Frood, alipotengeneza nyenzo ya breki yenye asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayohimili joto. Kelele ikapungua, lakini asbesto ikaja kujulikana kuwa inasababisha saratani. Nitairudia tukifika kwenye vumbi, maana inatuhusu hata leo.

Sasa, breki zako zinalia. Kabla hujatoa hata shilingi, usijiulize zinalia kwa nguvu kiasi gani. Jiulize zinalia lini.

Kama mlio ni mwembamba, unasikika gari likitembea bila kukanyaga breki, na ukikanyaga unanyamaza au unabadilika, fikiria kwanza kibati cha onyo. Pedi nyingi zina kipande chembamba cha chuma kilichokunjwa pembeni mwake. Nyenzo ya pedi ikilika mpaka zikabaki milimita 2 au 3, ncha ya kipande hicho inaanza kugusa diski na kulia. Kimewekwa makusudi kilie, ili ubadilishe pedi wakati diski bado salama. Pedi za bei ya chini mara nyingi hazina kibati hiki, kwa hiyo mwenye pedi hizo hapati taarifa yoyote mpaka mambo yaharibike.

Mambo yakiharibika utajua. Mlio unageuka mkwaruzo mzito, na mara nyingi unausikia hata chini ya unyayo kwenye pedeli. Hapo nyenzo imekwisha, chuma cha pedi kinakula diski. Usisubiri mwisho wa wiki, usimalize safari ya Kondoa kwanza. Kila kilomita inayoongezeka inageuza kazi ya kubadilisha pedi kuwa kazi ya kununua na diski, na siku yoyote pedeli inaweza kuzama bila gari kusimama inavyotakiwa.

Mlio wa asubuhi unaoisha baada ya kukanyaga mara chache ni kutu. Sehemu ya diski inayoguswa na pedi haina rangi, ikilala imelowa inashika kutu nyembamba kwa usiku mmoja. Kwetu mvua ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, hivyo utausikia zaidi miezi hiyo, au kesho yake baada ya kuosha gari. Huo uache.

Kuna na kelele zinazosingiziwa breki. Mojawapo inawatesa sana wanaopita barabara za changarawe: sauti kali ya chuma, mfululizo, inayokwenda na mzunguko wa tairi na isiyojali kama umekanyaga breki au la. Mara nyingi ni kokoto moja iliyobanwa kati ya diski na bati la kinga lililo nyuma yake. Rudi nyuma mita chache kisha nenda mbele. Wakati mwingine inadondoka palepale. Isipodondoka, tairi likivuliwa bisibisi inatosha kuitoa, au kulirudisha bati mahali pake kama limepinda. Mngurumo unaoongezeka ukikata kona upande mmoja na kupungua upande mwingine, huo ni wa beringi. Kubadilisha pedi hakutausaidia chochote.

Ukishajua lini, tafuta wapi. Kwa gari ambalo hendibreki yake inavuta dramu za nyuma, lipo jaribio rahisi. Tafuta njia tupu na tambarare, nenda taratibu, kilomita 20 kwa saa zinatosha, toa mguu kwenye mafuta, kisha vuta hendibreki polepole huku umebonyeza kitufe chake ili usiiache ikajifunga. Hendibreki haigusi magurudumu ya mbele. Mlio ukitokea, umetoka nyuma.

Na hapa Dodoma mimi ningeanza nyuma hata kabla ya jaribio hilo. Barabara kuu za kwenda Morogoro, Singida, Iringa na Babati zina lami, lakini hakuna anayenunua pikapu kwa ajili ya lami peke yake. Inaingia mashamba ya zabibu Hombolo, inafuata alizeti vijijini Bahi, inavuka makorongo ya mchanga njia za Mvumi. Diski iko wazi. Ikizunguka inatupa sehemu kubwa ya vumbi nje. Dramu ni chumba kilichofungwa. Vumbi likiingia linabaki humo, linachanganyika na unga wa shuu zenyewe, na joto la breki linaukandamiza mchanganyiko huo kila siku.

Fundi akiivua dramu ambayo haijafunguliwa kwa misimu miwili, unga wa kahawia humwagika miguuni pake. Pitisha kidole juu ya shuu: mahali palipotakiwa kuwa na mparuzo pamekuwa pagumu, panang'aa, panateleza. Ukitazama ukuta wa dramu utaona mistari iliyochongwa na chembe za mchanga. Shuu yenye uso huo hainati vizuri kwenye dramu, inarukaruka, na kengele inapiga. Nyenzo yake inaweza kuwa bado nene kabisa. Hapo ndipo mtu anapouziwa shuu mpya wakati alichohitaji ni usafi.

Usafi huo una namna yake, na hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao: usiruhusu unga ule upulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Magari yetu mengi ni ya zamani na spea zimetoka kila pembe ya dunia; hakuna awezaye kuangalia shuu kwa macho akajua kama ina asbesto au haina. Lowesha kwa maji ya sabuni, sugua kwa brashi, chini weka beseni, na unga uishie humo ukiwa tope. Kijana anayefungua dramu kumi kwa wiki katika gereji ndogo ana mapafu ya kumtosha maisha yake yote, asiyamalizie kazini.

Dramu ikiwa wazi, angalia mengine. Kwenye bati linaloshikilia shuu kuna sehemu zilizoinuka kidogo ambapo shuu huteleza zikitanuka. Zikikauka na kulika, shuu hulalamika kila zinapotoka na kurudi. Zisafishe na upake grisi ya kuhimili joto, kidogo sana, isifike kwenye nyenzo. Inua raba ya silinda ndogo uone kama kuna unyevu wa mafuta ya breki. Tazama pia upande wa ekseli: sili, ile raba ya kuzuia oili, ikichoka, oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) inavuja ndani ya dramu, na shuu iliyolewa oili hushika kwa kushtuka au haishiki kabisa. Shuu ya namna hiyo haifuliwi kwa petroli ikapona. Badilisha sili, badilisha shuu, na fanya hivyo pande zote mbili, la sivyo gari litavuta upande mmoja ukikanyaga. Zile zilizong'aa tu, na unene upo, zinaweza kusuguliwa kwa msasa zikiwa zimeloweshwa, na ncha zake zikapunguzwa makali.

Kabla ya kurudisha dramu, soma namba iliyochapwa juu yake. Ni kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa. Fundi wa mashine anaweza kuichonga dramu yenye mistari ikawa laini tena, lakini ikivuka kipimo hicho ni ya kutupwa, hata ikionekana nzuri.

Kuna jambo moja la pikapu ambalo madereva wachache hulijua. Pikapu nyingi zina vali juu ya ekseli ya nyuma, yenye mkono unaounganishwa na ekseli. Gari likiwa tupu, vali hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili matairi yasijifunge na mkia ukayumba. Ukipakia, bodi inashuka, mkono unasogea, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Ndiyo sababu gari linaweza kukaa kimya likienda sokoni tupu, kisha likalia linaporudi na mzigo. Sasa fikiria mtu aliyeongeza majani ya springi ili abebe zaidi, kama inavyofanyika sana, bila kurekebisha mkono ule. Amepakia tani nzima lakini vali inaona gari limeinuka, inadhani ni tupu. Breki za nyuma zinafanya kazi nusu, za mbele zinabeba zote, zinachemka, pedi zinang'aa, zinaanza kulia. Anabadilisha pedi za mbele kila mara na tatizo liko nyuma. Kama umeongeza springi, mwambie fundi aangalie mkono huo.

Mbele kazi ni nyepesi kidogo. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa au gogo, inua, na weka stendi. Usiingize kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Linganisha pedi mbili za tairi moja. Moja ikiwa imelika sana kuliko mwenzake, kalipa, yaani kile chuma kinachoshika pistoni na pedi, haisogei sawasawa: ama pini zake zimekauka kwa sababu raba zimechanika na vumbi limeingia, ama pistoni imeganda. Pini husafishwa na kupakwa grisi maalumu ya breki, ya silikoni, kwa sababu grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha raba na baada ya muda pini inakwama vibaya zaidi. Vile vibati vyembamba vinavyokaa mgongoni mwa pedi visitupwe. Kazi yake ni kumeza mtetemo, na gereji nyingi huviacha mezani kwa kuona havina maana. Diski nayo ina unene wa mwisho uliochapwa pembeni mwake. Pima kabla ya kukubali ichongwe.

Zipo dawa za mtaani ambazo ningeomba zikome. Kukata kibati cha onyo ili mlio uishe ni kumziba mdomo mlinzi. Kudondoshea oili kwenye diski au pedi kunaleta ukimya, na pia kunaondoa breki. Kumwagia maji diski iliyochemka baada ya kushuka mteremko wa Manyoni kuelekea Bahi kunaweza kuipinda au kuipasua. Iache ipoe yenyewe, na siku nyingine ushuke kwa gia ndogo ili injini isaidie kushika gari.

Ukishabadilisha pedi au shuu, piga pedeli mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu, halafu ndipo uondoke. Tafuta barabara isiyo na msongamano, nenda kilomita 50 kwa saa, punguza mpaka 10 bila kusimama kabisa, kisha ongeza tena. Rudia mara kumi hivi, halafu endesha dakika chache bila kukanyaga ili zipoe. Pedi na diski huzoeana kwa njia hiyo, na mlio mwingi wa breki mpya unaozua ugomvi kati ya mwenye gari na fundi hautatokea. Ukitokea na haujaisha baada ya kilomita mia mbili au tatu, rudi gereji uwaombe wafungue tena ukiwa umesimama hapohapo unatazama.