Vodevili haikuwa na jopo la majaji

Ukitaja vodevili, yale maonyesho mchanganyiko yaliyotamba Marekani tangu miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, wengi wetu tunachora picha tuliyoizoea kwenye televisheni: meza ndefu, majaji watatu, mmoja mkali, mmoja wa machozi ya karibu, na msanii katikati ya jukwaa akisubiri hukumu. Picha hiyo ifute, pamoja na dhana nyingine ninazozinukuu hapa chini, moja baada ya nyingine.

"Wasanii walihukumiwa mbele ya jopo."

Jaji mwenye nguvu alikuwa meneja wa ukumbi, na siku yake ilikuwa Jumatatu. Wasanii walishuka kwenye treni na masanduku yao, asubuhi wakafanya mazoezi na bendi ya ukumbi, mchana wakapanda jukwaani mbele ya watu waliokwisha kulipa. Meneja alitazama onyesho hilo la kwanza akihesabu dakika na kuandika: huyu kachukua dakika ngapi, kachezea mbele ya pazia au ametumia jukwaa zima, watu wamecheka wapi, wamepoa wapi. Kabla ya onyesho la usiku, mwimbaji angeweza kuambiwa apunguze wimbo mmoja, mchekeshaji auache utani fulani, na mwingine akajikuta kahamishwa kutoka nafasi ya tano hadi ya pili.

Kampuni ya B. F. Keith, iliyokuwa na mtandao mkubwa wa kumbi, iliwataka mameneja wake waandike ripoti ya kila kipengele na kuipeleka makao makuu, na wenzao wa miji mingine wakapata kuisoma. Vitabu vya ripoti hizo, kuanzia mwaka 1902, vimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Iowa. Lugha yake ni ya mfanyabiashara anayekagua mzigo bandarini: umefika katika hali gani, unalingana na pesa tuliyotoa, wateja wa mji huu wataupenda? Hapo ndipo msanii alipopona au kuumia, kwa sababu karatasi ile ilimtangulia alikokuwa akienda. Angeweza kushangiliwa Boston huku jina lake limeshaharibika kwingine.

Na makosa hayakuwa ya kisanaa tu. Keith alitaka ukumbi ambao mama angeingia na watoto wake bila kuona haya, kwa hiyo hata tusi jepesi, la aina ambayo leo hakuna anayegeuka kulisikiliza, lingetosha kumvunjia mtu mkataba.

"Anayefunga onyesho ndiye bora kuliko wote."

Hili linatuponza sana, maana huku kwetu nyota hupanda mwisho, tena watu wakiwa wamechoka kumsubiri. Kwenye vodevili mambo yalikuwa kinyume. Chukua programu ya vipengele tisa. Cha kwanza kilikuwa cha kutazama tu, sarakasi au mbwa waliofunzwa, kwa kuwa watu walikuwa bado wanatafuta viti vyao na hakuna neno ambalo lingesikika. Nyota alipewa nafasi ya nane. Ya tisa ilikwenda kwa kitu kikubwa cha macho, kama wanasarakasi wa bembea, huku nusu ya ukumbi ikivaa makoti.

Ndiyo maana kumpima mwanasarakasi wa kwanza kwa makofi aliyopata ni kumwonea. Alipimwa kwa jinsi alivyowatuliza watu. Vivyo hivyo mchekeshaji aliyesimama mbele ya pazia: nyuma yake mafundi walikuwa wakisukuma sofa na milango ya mbao kwa ajili ya mchezo unaofuata. Akimaliza mapema, pazia linafunguka wakati fundi bado kabeba kiti kichwani. Kwa hiyo dakika zake zilikuwa sehemu ya kazi, sawa na utani wake.

"Aliyeboronga alivutwa kwa fimbo."

Ile fimbo ndefu yenye ndoano, mfano wa upembo wa kuangulia maembe, ilikuwepo kweli. Inasimuliwa kwamba ilianzia Miner's Bowery Theatre, New York, mwaka 1903. Lakini ilikuwa ya usiku wa wasanii chipukizi, na watu walikwenda kwa hamu ya kuiona ikifanya kazi. Msanii wa kulipwa hakuvutwa shingo. Yeye alifutwa kwenye programu kimyakimya, jambo ambalo naona ni kali zaidi.

"Makofi hayadanganyi."

Kwenye ukumbi wa Apollo, mtaa wa Harlem, New York, usiku wa chipukizi ulioanza mwaka 1934 uliamuliwa na watazamaji wenyewe, kwa makofi au kwa kuzomea. Tarehe 21 Novemba mwaka huo, binti wa miaka 17 aitwaye Ella Fitzgerald, baadaye mwimbaji mashuhuri wa jazi, alikwenda kucheza dansi. Akawaona akina dada Edwards wakicheza kabla yake, akapoteza ujasiri, akaimba badala ya kucheza. Akashinda dola 25. Ukumbi ulisikia vizuri. Ila zawadi ilihusisha pia wiki moja ya kutumbuiza, na hiyo hakuipata. Husemwa kuwa mwonekano wake, binti aliyekuwa akiishi kwa kuhangaika mitaani, haukuwaridhisha wenye ukumbi. Makofi yalisema lao, ofisi ikasema lake.

"Kipengele kibaya hakiuziki."

Waulize akina dada Cherry wa Iowa. Mwaka 1896 mwenye kumbi Oscar Hammerstein aliwapandisha kwenye ukumbi wake wa Olympia, New York, akijua fika kwamba hawajui kuimba wala kuigiza. Alikuwa amekwisha kupata hasara na wasanii wazuri. Watu wakajaa, wengine wakiwa na mboga za kurusha, na dada wale wakaendelea kuzunguka nchi wakilipwa vizuri kuliko wengi waliokuwa na kipaji.

Gazeti la Des Moines Leader lilipochapisha uhakiki uliowakejeli sauti, miguu na nyuso zao, walikwenda mahakamani kudai fidia ya kashfa. Mwaka 1901 Mahakama ya Juu ya jimbo la Iowa iliamua kwamba anayejitokeza hadharani na kutoza kiingilio amejiweka mbele ya wahakiki, na mhakiki ana haki ya kusema alichokiona, hata kwa dhihaka, mradi hana nia mbaya. Wanasheria wa Marekani bado wanaitaja kesi hiyo.

Mmoja wa dada hao, Effie, aligombea umeya wa Cedar Rapids mwaka 1924. Huko nako wapiga kura walimkataa.