Mtoto kakamatwa kwa wizi? Kabla ya hela, beba cheti chake

Mzazi akipigiwa simu kwamba mwanae yuko kituoni kwa wizi wa simu, wengi wanaanza kukopa hela. Jamani, chukua kwanza cheti cha kuzaliwa, kama hauna beba kadi ya kliniki au ya ubatizo, maana hapa Tanzania Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto hachanganywi na wakubwa selo.

Na vijana wenyewe wanadanganya umri. Kuna mmoja nilimkuta kaandikishwa miaka 19, wenzake wa kijiweni walimwambia ukijifanya mkubwa hawakuonei, mama yake akaja na kadi ya kliniki kaifunga kwenye pindo la kanga, wino umefifia ila mwaka unasomeka, kumbe ana 15. Jioni ileile akatolewa selo ya wakubwa.

Dhamana ya polisi hailipiwi. Wizi wa kawaida adhabu yake kwa mtu mzima mwisho ni jela miaka 7, na mkuu wa kituo anatakiwa amwachie mtoto mzazi akimdhamini, isipokuwa kosa ni la kuua au adhabu yake inazidi hiyo 7, au aone akitoka atarudi kwa kundi baya au ataharibu kesi. Kwa hiyo uliza kaandikiwa kosa gani, maana kumchomolea mtu mfukoni au kuvunja nyumba usiku ni nzito zaidi.

Kinachoniuma zaidi ni mzazi kumlamba mtoto makofi mbele ya askari, "sema ukweli!", mtoto anakubali kwa woga na maelezo yanaandikwa hivyohivyo. Usimlazimishe, omba kukaa naye akihojiwa na uulizie afisa ustawi wa jamii.

Mahakama ya watoto inakaa faragha, afisa ustawi na mzazi wapo, na wakili anaruhusiwa, kama hauna uwezo kuna msaada wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Hakimu hamfungi mtoto jela. Anaweza kumwachia kwa masharti, kumpiga faini ambayo mara nyingi mzazi ndiye anailipa, au kumpeleka shule ya maadilisho, yaani ya kurekebisha tabia, kule Irambo, Mbeya. Ila akishtakiwa pamoja na mtu mzima kesi inaenda mahakama ya kawaida, hapo wakili tafuta mapema.

Afisa ustawi akija nyumbani kuandika ripoti msimfiche kitu, hata kama baba kaondoka au mtoto kaacha shule, hakimu anaisoma ile ripoti kabla hajaamua.