Mzio wa Kurithi: Kwa Nini Daktari Huulizia Hata Ndugu Wasioumwa

Pumu na ukurutu vimejaa katika ukoo wetu. Tuna ugonjwa wa kurithi?

Mzio wa kawaida nao hurithiwa: jeni nyingi huchangia kidogo kidogo, na mazingira humalizia. Ugonjwa adimu ni ule ambao hitilafu ya jeni moja huvuruga kinga ya mwili. Kinachotia shaka ni mchanganyiko: ukurutu usiosikia dawa, mzio wa vyakula kadhaa, na juu yake nimonia za kujirudia, majipu, sunzua zisizoisha. Mzio peke yake hauleti nimonia za kujirudia.

Kipimo cha IgE, kingamwili ya mzio, kimetoka juu sana. Hakitoshi?

Hakitoshi. Minyoo nayo huipandisha IgE, na kwetu minyoo si jambo geni. Choo kipimwe.

Jeni yenyewe hugunduliwaje?

Kwa kulinganisha ndugu. Mwaka 2009, watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliripoti kuhusu wagonjwa 11 wa familia 8 wenye dalili kama hizo nilizotaja; jeni yao ya DOCK8 ilikuwa na kasoro. Baadaye ikaeleweka kwamba jeni hiyo husaidia seli za kinga kushika umbo zinapojipenyeza ndani ya ngozi. Bila yake, seli huvutika hadi zikakatika, na virusi vya sunzua hubaki vikitamba.

Wakati mwingine mgonjwa huwa sahihi kuliko kipimo. Kuna familia ambazo watu wake walilalamika kuvimba vipele wakipatwa na baridi, lakini wakiwekewa barafu mkononi, hakuna kitu. Tone la maji lilipoachwa likauke kwa upepo, vipele vikajitokeza! Mwaka 2012 chanzo kikajulikana: jeni ya PLCG2.

Mimi na mume wangu ni mabinamu, na wote wazima. Mtoto amerithi kwa nani?

Kama ni DOCK8, kwenu wote wawili. Kila mmoja ana nakala moja mbovu na nyingine nzima inayomkinga. Mtoto amepata mbovu mbili. Uwezekano ni 1 kati ya 4 kwa kila mimba. Ndoa za mabinamu, ambazo ni za kawaida Pwani na Oman, huongeza uwezekano wa wazazi wote wawili kubeba kasoro ileile, kwa kuwa babu ni mmoja. PLCG2 ni tofauti: nakala moja mbovu yatosha, na mzazi mgonjwa humpa kila mtoto kwa uwezekano wa 1 kati ya 2.

Damu ya ndugu wazima ni ya nini basi?

Kila mtu ana mabadiliko mengi ya jeni yasiyo na madhara. Asiyeumwa akiwa nayo kwa idadi ileile ya nakala kama mgonjwa, watafiti huyaondoa kwenye orodha ya washukiwa. Waulizieni wazee pia kuhusu watoto waliofariki wachanga, hata kama ni habari chungu.

Tena, DOCK8 hutibiwa kwa kupandikizwa uboho, na ndugu wa tumbo moja anayelingana ndiye huangaliwa kwanza. Lakini naye apimwe jeni hiyo kabla ya kutoa, maana anaweza kuwa na ugonjwa uleule ambao haujajitokeza.