Mkanda wa jeshi umepona, mbona bado panaungua?

Malengelenge ya mama yalishakauka, lakini mbavuni hataki hata kanga imguse. Kwa nini?

Virusi vya tetekuwanga havitoki mwilini. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu kwa miaka mingi. Vikiamka, ndio mkanda wa jeshi. Ngozi hupona, ila mshipa ulioumia huendelea kupeleka maumivu kwenye ubongo. Yakizidi miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu.

Tumekuwa tukimchua kwa jeli ya diklofenaki.

Hiyo ni ya viungo na misuli. Kwa mshipa wa fahamu haifui dafu.

Tumpe nini basi?

Muulizeni daktari kuhusu plasta ya lidokeini ya 5%, dawa ya ganzi kama ile ya kung'olea jino. Hubandikwa penyewe panapouma, kwenye ngozi isiyo na kidonda: akibandika saa moja asubuhi, abandue saa moja jioni, apumzike hadi kesho yake. Zisizidi tatu kwa mara moja. Asiweke chupa ya maji moto juu yake, maana joto huingiza dawa nyingi mno mwilini. Si kila duka la dawa linayo, na bei yake si ndogo.

Na krimu ya pilipili?

Kapsaisini, kile kinachofanya pilipili iwashe, huchosha ncha za neva mpaka zipunguze kelele. Krimu ya 0.075% hupakwa mara 3 au 4 kila siku. Mwanzoni itamuunguza zaidi, na hapo ndipo wengi huitupa. Kupaka leo na kuruka kesho ni kujitesa bure: nafuu huja baada ya wiki kadhaa za kupaka bila kukosa. Mpakaji avae glavu, asijiguse macho. Ipo pia plasta kali ya 8%, lakini hiyo hubandikwa na wahudumu wa afya tu.

Si tusage pilipili kichaa wenyewe?

Hapana! Ukali wake haupimiki, na ngozi itababuka.

Ikishindikana?

Kuna vidonge: amitriptilini, gabapentini, pregabalini. Huleta usingizi na kizunguzungu, kwa hiyo mzee huanzishiwa dozi ndogo, na usiku akiamka kwenda chooni asiende peke yake.