Sanamu ya Sentimita Tano na Bei Yake Mtandaoni

Kazi yangu hapa Arusha ni kupaka rangi sanamu ndogo za wanyama, nyingi zikiwa na kimo cha sentimita tatu hadi sita, zinazochongwa kwa mjakaranda na kuuzwa kwa wakusanyaji wa nje kupitia masoko ya mtandaoni. Vijana wanaotaka kuingia katika kazi hii huniuliza kwanza wauzie wapi. Mimi naona liko swali linalotangulia hilo: mtu ambaye hataishika sanamu mkononi kabla ya kulipa atajuaje kwa nini kitu kinachoenea kiganjani kina bei kubwa kuliko kinyago cha urefu wa mkono kinachopangwa Soko la Maasai? Asipoonyeshwa sababu atalinganisha kwa ukubwa, na kwa ukubwa sisi hatuwezi kushinda.

Sababu ya kwanza sharti iwe katika kazi yenyewe. Wanunuzi wetu wengi wamewahi kufika Serengeti au Tarangire, nao wanakumbuka walichokiona. Twiga wa Kimasai, ambaye ndiye wa kwetu, ana mabaka yenye kingo zilizochanika kama jani la mzabibu, ilhali twiga wa kaskazini mwa Kenya ana mabaka ya pande zilizonyooka yaliyotengwa na mistari myeupe iliyo safi. Pundamilia wa Serengeti ana milia mipana inayoshuka hadi tumboni, lakini pundamilia wa Grevy, ambaye ni spishi nyingine, ana milia myembamba na tumbo jeupe. Mpakaji anayenakili picha yoyote aliyoikuta mtandaoni huishia kupaka twiga wa Samburu, yule wa kaskazini mwa Kenya, na kumtangaza kuwa wa Tarangire, na mnunuzi anayejua hulitambua kosa hilo kabla hajasoma hata neno moja la tangazo.

Rangi ninayotumia ni akriliki iliyozimuliwa kwa maji, matabaka mawili au matatu membamba badala ya tabaka moja zito, kwa kuwa rangi nzito huziba kazi ya mchongaji: kope, tundu za pua, mikunjo ya ngozi ya tembo. Kwenye tembo huachia kwanza rangi ya kahawia iliyokolea, iliyozimuliwa sana, ijikimbilie yenyewe ndani ya mikunjo. Ikikauka hupitisha juu ya sehemu zilizoinuka brashi iliyofutwa karibu rangi yote. Mbinu hizi zimekuzwa hasa na wapakaji wa askari wadogo wa michezo ya mezani, ambao sanamu zao nyingi ni za kipimo cha milimita 28. Katika soko lao maneno kama “imepakwa kitaalamu” yamejaa kwenye matangazo ingawa hakuna chombo kinachothibitisha utaalamu huo, hivyo picha ya karibu ndiyo inayoamua. Anayetaka kuingia upande huo ajue pia kwamba kununua sanamu halali ya kiwanda, kuipaka na kuiuza tena ni jambo moja, na kuitolea kalibu ili kumimina nakala ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili ni kuvunja hakimiliki, na tangazo la namna hiyo huondolewa.

Kuhusu picha, jua la saa sita ni adui. Huchoma rangi nyeupe na kuacha kimeta juu ya vanishi, ndiyo maana napendelea vanishi isiyong'aa na mwanga wa dirishani. Mawingu ya Juni na Julai, ambayo watu wa hapa huyalalamikia kwa baridi, kwangu ni msimu bora wa kupiga picha, kwa sababu mwanga huenea sawasawa na hauachi kivuli kikali chini ya tumbo la mnyama. Baada ya hapo huja miezi ya vumbi, na sanamu yenye rangi mbichi hufunikwa kwa bakuli hadi ikauke. Kila tangazo linahitaji picha moja ya sanamu ikiwa kiganjani na nyingine ikiwa kando ya rula, na kimo kiandikwe kwa milimita. Sarafu yetu ya shilingi 200 haifai kuwa kipimo, kwani mnunuzi wa Leipzig hajapata kuishika. Picha ya nyayo nayo isikosekane, hata kama hapo chini pana alama ya brashi.

Sasa bei. Tuchukue soko la mtandaoni la Etsy kama mfano, kwa kuwa ada zake ziko wazi: senti 20 za dola kwa kila tangazo, ambalo hudumu miezi minne, kisha asilimia 6.5 ya mauzo, ambayo hadi Aprili 2022 ilikuwa asilimia 5. Wengi husahau kwamba asilimia hiyo hukatwa pia kwenye gharama ya kutuma. Sanamu ya dola 40 yenye gharama ya kutuma ya dola 8 hutozwa kwa jumla ya dola 48, yaani dola 3.12. Mteja akiwa ameletwa na tangazo ambalo soko limelilipia kwingineko, duka dogo hukatwa asilimia 15 nyingine, ambayo hapa ni dola 7.20. Duka ambalo halijafikisha mauzo ya dola 10,000 kwa mwaka linaweza kujitoa katika mpango huo, nami nashauri lijitoe. Bado hujatoa ada ya kuchakata malipo, ujira wa mchongaji, rangi na kifungashio. Kinachobaki kigawe kwa saa ulizokaa na brashi. Nikiona kila saa inalipa chini ya ujira wa fundi anayepaka kuta za nyumba Njiro, sanamu hiyo siitangazi kwa bei hiyo.

Kabla ya kufungua duka, soma orodha ya nchi ambazo soko husika hulipa wauzaji wake, kwa maana si kila soko hulipa Tanzania. Njia tuliyoichagua sisi ni kuwa na mwenzetu anayeishi Ujerumani, ambaye ndiye muuzaji kisheria, na tangazo linasema wazi kwamba sanamu imechongwa na kupakwa Arusha na inatumwa kutoka kwake. Mzigo huenda kwa pamoja. Mpango wa Umoja wa Ulaya ulioanza mwaka 2001 huruhusu bidhaa za nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, kuingia bila ushuru wa forodha, isipokuwa silaha. Kwa mzigo usiozidi yuro 6,000 msafirishaji yeyote anaweza kuandika tamko la asili ya bidhaa kwenye ankara. Kodi ya ongezeko la thamani ya Ujerumani, asilimia 19, hulipwa hata hivyo. Kwa Marekani hesabu imebadilika zaidi, kwa sababu msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800 ulisitishwa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025.

Mti ukauke vizuri kabla ya kuchongwa. Nyumba za Ulaya hupashwa joto wakati wa baridi, hewa yake huwa kavu kuliko ya kwetu, na mjakaranda wenye unyevu hupasuka humo pamoja na rangi iliyo juu yake.

Mnunuzi wa Umoja wa Ulaya anayenunua mtandaoni kwa mfanyabiashara ana siku 14 za kubadili nia na kurudisha bidhaa, isipokuwa iliyotengenezwa kwa maelekezo yake mwenyewe. Kwa hiyo anapoagiza, tuseme, chui mwenye sikio lililokatika kama yule aliyemwona Seronera, tunapokea nusu ya malipo kabla ya kuanza, tunamtumia picha rangi za msingi zikikauka, na tunasubiri akubali kwa maandishi ndipo madoa yaanze kupakwa.