Shoo Kubwa za Roki: Tunavyozisimulia na Zilivyokuwa

Wapenzi wa roki wakikutana, haichukui muda kabla mazungumzo hayajafika kwenye shoo: bendi gani ilipiga wapi, mwaka gani, nani alipanda jukwaani akiwa hoi na bado akaimba. Afrika Mashariki wengi wetu tumezipokea simulizi hizo kwa kaseti, halafu kwa kanda za video, na siku hizi kwa simu. Makosa mengi yanaingia hapo. Filamu ikishakatwa na kuunganishwa, albamu ikishapewa jina, yaliyotokea siku ile yanafifia na linabaki toleo la mhariri. Hata aliyekuwa uwanjani, miaka ikipita, huanza kusimulia alichokitazama kwenye televisheni. Nimeweka hapa dhana ninazozisikia mara kwa mara, kwa sababu naamini yaliyotokea kweli yana utamu kuliko yaliyotungwa, na pale yasipokuwa na utamu bado tunapaswa kuyajua.

"Woodstock ilifanyika Woodstock, ilikuwa bure, na umati wote ulimwona Hendrix"

Mji wa Woodstock upo, jimbo la New York, lakini tamasha la roki la Agosti 1969 lenye jina hilo halikufanyika huko. Waandaaji walibaki na jina tu. Walipanga kwenda Wallkill, wakakataliwa zikiwa zimebaki wiki chache, ndipo mfugaji Max Yasgur akawakodisha sehemu ya shamba lake la ng'ombe wa maziwa huko Bethel, zaidi ya kilomita 60 kutoka Woodstock.

Wala halikukusudiwa kuwa bure. Tiketi ya siku zote tatu ilikuwa dola 18 kwa aliyewahi na dola 24 mlangoni, na zaidi ya 180,000 zilikuwa zimeshanunuliwa. Muda uliwabana: mafundi wasingeweza kumaliza jukwaa na uzio kwa pamoja. Wakachagua jukwaa. Watu wakaingia kwa miguu pasipo na uzio, na mwisho ikabidi itangazwe kwamba hakuna kulipa. Waandaaji walitoka hapo na madeni makubwa, na filamu ya tamasha hilo ndiyo iliyokuja kurudisha fedha.

La mpiga gitaa Jimi Hendrix ndilo ninalopenda lijulikane zaidi. Ukitazama filamu ile utadhani alipiga mbele ya watu wote wale waliofunika vilima. Alipangiwa kufunga Jumapili usiku. Mvua na ucheleweshaji vikaisogeza ratiba, akapanda Jumatatu tarehe 18, kama saa 3 asubuhi, jua limeshatoka. Kati ya watu zaidi ya 400,000, walio wengi walishaondoka kurudi kazini na majumbani. Walibaki makumi machache ya maelfu, wamesimama kwenye matope kati ya mablanketi yaliyotelekezwa na takataka za siku tatu. Mbele ya uwanja huo uliokwisha kupukutika ndipo alipoupiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa la umeme, akizilazimisha nyuzi ziige mabomu na ving'ora. Hakuwa na umati wa kumpandisha mori, na bado alipiga vile. Ukilijua hilo, unamheshimu maradufu.

Filamu hazipotoshi kila mara, ni haki kusema hivyo. Miezi minne baadaye, tarehe 6 Desemba 1969, Rolling Stones walifanya shoo ya bure kwenye uwanja wa mbio za magari wa Altamont, California, na ulinzi wa jukwaa ukaachiwa genge la pikipiki la Hells Angels. Kijana mweusi wa miaka 18 alichomwa kisu akafa hatua chache kutoka jukwaani. Ikaenezwa, na mpaka leo inaenezwa, kwamba aliuawa wakati bendi ikipiga "Sympathy for the Devil", kana kwamba wimbo ndio uliomwita shetani. Wapiga picha za filamu walikuwa wakirekodi, na kanda inaonyesha wazi: wimbo ulikuwa "Under My Thumb". Kosa lilikuwa la waliopanga ulinzi ule na la aliyeshika kisu, na hadithi ya shetani imewapunguzia mzigo kwa miaka mingi.

"Bob Dylan aliitwa Yuda ukumbi wa Royal Albert Hall"

Sauti ya shabiki akimzomea Dylan kwa neno hilo, kwa kuwa ameacha gitaa kavu na kushika la umeme, ilirekodiwa Manchester, ukumbi wa Free Trade Hall, tarehe 17 Mei 1966. Kilichowachanganya watu ni rekodi ya magendo iliyozungushwa kwa miaka ikiwa na jina la ukumbi wa London. Kosa lilishakomaa kiasi kwamba hata kampuni ilipoitoa rasmi mwaka 1998 ililiacha jina lile lile, ikalizungushia alama za kunukuu.

"Van Halen walikuwa na kiburi: walikataza hata pipi za kahawia"

Sharti lilikuwapo kweli. Katika masharti ya bendi hiyo kwa waandaaji, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kulikuwa na sehemu ya vyakula na vinywaji vya nyuma ya jukwaa, na humo kuna mstari unaotaka bakuli la pipi za M&M's lisiwe na hata moja ya kahawia. Magazeti yakalichukua kama kielelezo cha masupastaa wanaodekezwa.

Mwimbaji David Lee Roth alieleza sababu. Van Halen walikuwa wakienda na malori mengi ya vyombo kwenye miji ambayo haijawahi kupokea jukwaa zito namna ile. Mkataba wao ulikuwa mnene, umejaa uzito wa taa, nguvu ya umeme, umbali wa soketi, upana wa milango, uimara wa sakafu. Mwandaaji asiyesoma anaweza kuua mtu. Kwa hiyo mstari wa pipi ulifichwa ndani ya mkataba huo. Roth akifika nyuma ya jukwaa alichungulia bakuli kwanza. Akiona ya kahawia, alijua mkataba haukusomwa, na mafundi walianza kukagua kila kitu upya. Kwa maelezo yake, ukumbi mmoja wa Pueblo, Colorado, haukusoma kipengele cha uzito, jukwaa likazama kwenye sakafu mpya, na magazeti yakaandika kwamba uharibifu wote ulitokana na hasira za pipi. Aliyewahi kutazama spika zikining'inizwa juu ya vichwa vya watu haoni kiburi hapo, anaona mtu makini na kazi yake.

Na kwa kuwa tunazungumzia kuamini masikio: albamu ya moja kwa moja, yaani ya jukwaani, mara nyingi si usiku mmoja, wala si vile vile ulivyosikika. "Alive!" ya bendi ya KISS, ya mwaka 1975, ilitengenezwa kwa shoo kadhaa, kisha sehemu nyingi zikarudiwa studio. Wahusika wenyewe walikuja kukiri. Ni albamu nzuri mno, ila usiitumie kubishana kuhusu nani hakukosea noti.

Sasa nije kwa Queen, bendi ya Uingereza, maana hapa ndipo sisi wa pwani tunapobishana zaidi.

Wako wanaosema mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar kwa bahati tu, akachukuliwa angali mchanga. Farrokh Bulsara, ndilo jina lake la kuzaliwa, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake wakiwa Waparsi wenye asili ya Gujarat na wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba yake alikuwa keshia wa serikali ya kikoloni. Akiwa na miaka kama minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikoanza kupiga piano kwenye bendi ya shule, The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963, akakaa na wazazi wake, na familia ikaondoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kwenda Feltham, karibu na London. Alikuwa na miaka 17. Huyo ni kijana aliyezijua njia za Mji Mkongwe kwa miguu yake. Ndiyo maana makumbusho yaliyofunguliwa Shangani mwaka 2019 yana haki ya kuwapo, ingawa si kila nyumba ambayo mgeni huonyeshwa kuwa ni "kwao Freddie" ina ushahidi wa kutosha.

Dhana ya pili imetoka sinema ya 2018, "Bohemian Rhapsody": kwamba Queen walikuwa wametengana, Freddie akawaomba radhi wenzake, akawaambia ana virusi vya UKIMWI, ndipo wakapanda jukwaa la Live Aid, tamasha la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Bendi haikuwa imevunjika. Ilitoa albamu ya "The Works" mwaka 1984, ikazunguka dunia nayo, ikapiga Rock in Rio Januari 1985, na mwezi Mei ilikuwa Japani. Sinema inamlaumu Freddie pia kwa kwenda kurekodi peke yake, na hilo limepindishwa, kwani mpiga dramu Roger Taylor alishatoa albamu yake mwaka 1981. Na wa karibu na Freddie walieleza kwamba majibu ya vipimo aliyapata mwaka 1987, miaka miwili baada ya tamasha.

Ukiondoa chumvi ya sinema, Live Aid haipungui kitu. Tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, watu 72,000. Walipopanda, London ilikuwa saa 12 na dakika 41 jioni, huku kwetu ikiwa saa 2 na dakika 41 usiku. Freddie amevaa fulana nyeupe na jinzi iliyopauka, juu ya piano kuna vikombe vya karatasi vya vinywaji. Wengi husema walikuja wakapiga tu kwa hisia. Hapana: walikodi ukumbi mdogo wa London, Shaw Theatre, wakafanya mazoezi siku tatu na kuzikata nyimbo zao zitoshe dakika 20 hivi walizopewa. Halafu kiongozi wa bendi asiye na gitaa mkononi, ameshika nusu ya fimbo ya maikrofoni, anaimba kipande kidogo na uwanja mzima unamjibu, bila kujali kuwa hadhira ile haikukata tiketi kwa ajili ya Queen peke yao. Ule wito na kiitikio unafundishika. Walikuwa wameufanyia kazi zaidi ya miaka kumi.

"Queen hawakuwahi kupiga Afrika." Hili watu hulisema kwa masikitiko, na ukweli wake ni mchungu. Walipiga, Oktoba 1984, Sun City, ndani ya Bophuthatswana, nchi ya bandia iliyoundwa na serikali ya makaburu. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeomba wasanii wasiende. Maonyesho kadhaa yalifutwa kwa sababu koo la Freddie lilimgomea, lakini mengine yalifanyika. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na majina yao yakaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja mgomo. Walijitetea kwamba wao si wanasiasa na kwamba walipigia yeyote aliyekuja. Nawapenda Queen, na bado naona walikosea. Mtoto wa Unguja kurudi Afrika kwa mlango ule ni jambo linalouma, na shabiki wa kweli halifichi.

Shoo ya mwisho ya Freddie na Queen? Si Live Aid, wala si Wembley ya Julai 1986 iliyouzwa kwa video kila kona. Ilikuwa Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti 1986, mbele ya watu zaidi ya 100,000. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991.

"Roki ni ya Wazungu, huku tulikuwa watazamaji"

Gitaa la umeme la Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi wa Arkansas, lilikuwa likinguruma kabla wavulana wa Liverpool, The Beatles, hawajashika magitaa. Chuck Berry na Little Richard wakafuata, na Waingereza wakajifunza kwao. Zambia ya miaka ya 1970 ilizaa Zamrock, na bendi ya WITCH chini ya Jagari Chanda ikajaza kumbi. Jagari akiwa mzee amerudi jukwaani, na mwaka 2023 wakatoa albamu mpya. Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst, waliochanganya roki na midundo ya hapa, wakaimba Kiswahili pia, na mwaka 1976 wakatoa "Ave Africa" huko Zambia.

Shoo za Sunburst hazina filamu inayojulikana duniani. Hazikuhaririwa na mtu. Kilichopo ni rekodi chache na wazee waliokuwa vijana wa disko wakati ule, ambao baadhi yao bado wapo Ilala, Magomeni na Kariakoo. Ukikutana na mmoja, mwulize walifungua na wimbo gani, gitaa lilisimama upande upi, kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, na uandike anachosema.