Mpira usiovuja unaweza kuvuta upepo

Juma lililopita nahodha mmoja wa boti ya abiria alinijia karakanani akiwa amebeba kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, iliyofungwa katika kitambaa. Mashine yenyewe, ya nguvu za farasi 40, aliiacha Kibirizi, mwalo wa Kigoma, tanki aliliacha ndani ya boti, na mpira wa mafuta ulikuwa bado umechomekwa kwenye tanki. Alitaka niisafishe kabureta kwa sababu mashine ilikuwa inazima katika Ziwa Tanganyika, inawaka baada ya muda, inakwenda vizuri, kisha inazima tena. Nilipomuuliza kama mpira umekaguliwa, alinipa jibu ambalo mwaka huu nimelipokea mara nyingi mno, kutoka kwa wavuvi wa dagaa wa Katonga hadi kwa wachukuzi wa mizigo wanaoshuka kusini: "Fundi, mpira ni mzima, hauvuji hata tone."

Kutovuja si ushahidi kwamba mpira ni mzima, na nitalieleza jambo hili kwa urefu kwa kuwa linawagharimu watu mashine zao.

Katika mashine hizi za kuchanganya oili, pampu haisukumi petroli kutoka tankini bali inaivuta. Pistoni inapopanda, mvuto ndani ya nyumba ya krenki, chini ya pistoni, huivuta dayaframu, utando laini uliomo ndani ya pampu. Pistoni inaposhuka, msukumo huirudisha. Na vali mbili ndogo huhakikisha kwamba petroli inakwenda upande mmoja tu, kuelekea kabureta. Kwa hiyo, muda wote mashine inapofanya kazi, njia nzima kutoka chini ya tanki hadi mlango wa pampu iko katika hali ya kuvutwa, na msukumo uliomo ndani ya mpira ni mdogo kuliko ule wa hewa iliyo nje. Mpira huo ukipata ufa mwembamba kama unywele, petroli haina sababu ya kutoka. Hewa ndiyo yenye sababu ya kuingia. Anayekunywa soda kwa mrija uliopasuka karibu na mdomo haoni soda ikimwagika kupitia ule ufa, bali anavuta kwa nguvu na kupata upepo. Mtu anayepapasa mpira kwa kidole akitafuta unyevu, tena mashine ikiwa imezimwa, anatafuta dalili ambayo kosa lenyewe haliitoi.

Mahali pa kwanza pa kutilia shaka si katikati ya mpira bali kwenye maungio. Waya uliokazwa kwa koleo hubana mpira kwa pande mbili na kuuacha na umbo la yai, na kwenye ncha za yai hilo upepo hupita bila kelele, ilhali klampu ya mviringo hubana pande zote. Kuzungushia ufa kipande cha tyubu ya baiskeli hakusaidii kitu, maana petroli huvimbisha na kulainisha mpira wa aina hiyo mpaka unalegea. Oringi, yaani pete ya mpira ya kuziba, ya kiungio kinachochomekwa kwenye mashine ni ndogo kuliko pete ya kidole, na nimewahi kukuta pampu nzima imebadilishwa mara mbili huku oringi iliyokatika ikiwa haijaguswa na mtu. Wanaotumia dumu badala ya tanki nao wahakikishe kifuniko kina tundu la kupumulia. Dumu lililofungwa kabisa hubonyea ndani, mashine inakosa mafuta na kuzima, mtu anafungua kifuniko kuangalia kama petroli imeisha, hewa inaingia, mashine inawaka, na kila aliyemo botini anaamini kwamba ilichoka na ilihitaji kupumzika. Skrubu ya kupumulia ya tanki la chuma, isipofunguliwa, huleta matokeo yaleyale.

Sasa kabureta. Sikatai kwamba kabureta huchafuka. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, mashine nyingi zilikaa na petroli ndani, petroli ikageuka mvuke na kuacha utando wa oili unaonata kwenye jeti, vitundu vidogo vya kupitishia petroli, na msimu ulipofunguliwa waliosema "ni kabureta" walikuwa na haki. Lakini jeti iliyoziba saa mbili asubuhi itakuwa imeziba saa nne pia. Haifunguki yenyewe kwa nusu saa, ikaziba tena, ikafunguka mashine ilipopoa. Kosa linalokuja na kuondoka linahitaji sababu inayoweza kuja na kuondoka, na kwenye kabureta sababu za namna hiyo ni chache: sindano ya floti, inayofungua na kufunga mlango wa petroli, ikikwama, au tone la maji lililotulia chini ya bakuli la kabureta ambalo wimbi likiyumbisha boti huingia kwenye jeti kisha hutoka. Hizo zipo, na ya maji nimeiona mara kadhaa kwa watu wanaomimina petroli kwenye mvua. Hata hivyo, kuifungua kabureta kila mara, kuchokoa jeti kwa waya mpaka tundu linapanuka, na kurudisha gasketi iliyochanika, ni kuongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji vifaa vya ghali, ila unahitaji kufanywa ziwani, boti ikiwa na mzigo, kwa muda uleule ambao kosa hujitokeza. Mashine inapoanza kulegea, mtu mmoja abaki kwenye mkono wa mashine na mwingine abinye pampu ya mkono, kile kitufe cha mpira kilicho kwenye mpira wa mafuta. Mashine ikinyanyuka, basi ilikuwa inakosa mafuta, na kosa liko kabla ya kabureta. Kisha isikilize pampu ya mkono kwa kiganja. Ikiwa imenywea na kubaki bapa, kuna kizuizi nyuma yake: tundu la kupumulia, wavu ulio chini ya tanki, au mpira ambao ganda lake la ndani limebanduka na kujifunga kama mlango. Ikiwa ni laini na haikazi hata ukibinya mara 20, upepo unaingia au vali yake imechoka. Ikiwa ni ngumu kama jiwe na mashine bado inakufa, angalia mbele: chujio, sindano ya floti, au moto wa plagi.

Baada ya hapo mimi hukata mpira kati ya chujio na pampu na kuunganisha kipande cha mpira unaoonyesha ndani, chenye urefu wa shibiri moja. Petroli ikipita imejaa, hakuna la kuongeza. Mapovu yakipita mfululizo, naanza kubana maungio moja baada ya jingine kuelekea tankini, nikitazama ni wapi mapovu yanapokoma.

Kwa nahodha yule, tulipokwenda kwenye boti yake na kuirudisha kabureta, mapovu hayakukoma popote. Hapo ndipo nilipomuuliza upya habari za safari zake. Alikuwa amenitajia mahali, kwamba mashine huzima kabla ya kufika Gombe, na abiria walishaanza kupaogopa mahali pale. Mimi nikamwuliza saa. Tukakuta kwamba akienda huzima takriban saa moja baada ya kuondoka Kibirizi, na akirudi huzima takriban saa moja baada ya kuondoka Kagunga, mwisho wa safari yake, kila mara akiwa ameanza na tanki lililojaa. Tanki lake ni la lita 24, na mashine ile ikifunguliwa vizuri humaliza nusu yake katika muda huo. Tulipochomoa mrija wa kuvutia uliomo tankini, tuliuona ufa, umekaa karibu na katikati ya urefu wake. Tanki likiwa limejaa, ufa huo umezama na unavuta petroli kama kawaida. Petroli ikishuka chini yake, unavuta upepo. Wakisimama, wakijaza kutoka kwenye dumu, ufa unazama tena, mashine inapona, na watu wanasifu mapumziko. Mpira wa nje, alioutetea kwa nguvu zote, ulikuwa mzima kweli, lakini tone alilokuwa akilitafuta lisingeonekana hata angelitafuta mwaka mzima.

Kinachonifanya nisivumilie ni madhara yasiyoonekana siku ileile. Katika mashine hizi oili huja pamoja na petroli, kwa kawaida lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na hakuna oili nyingine inayofika kwenye pistoni. Njia inapovuta upepo, petroli hupungua, na oili hupungua kwa kiasi hichohicho, wakati ambapo moto ndani ya silinda umezidi ukali kwa sababu mchanganyiko umekuwa mkavu, yaani hewa nyingi na petroli kidogo. Nahodha anayeendelea na safari kwa kubinyabinya pampu ya mkono hadi Kagunga anaweza kufika, na pistoni ikang'ang'ania ndani ya silinda mwezi unaofuata. Atakapokuja kwangu atalaumu oili aliyouziwa.

Yapo ambayo bado yananisumbua. Kukaza njia kwa pampu ya mkono na kusubiri kama italegea ni kipimo kizuri, lakini kinasukuma kutoka ndani, na nimekutana na ufa uliojifunga ukisukumwa na kufunguka ukivutwa, kwa hiyo njia inayofaulu kipimo hiki siihesabu kuwa imethibitishwa. Saa saba mchana, jua likiwa juu ya tanki na mpira ukiwa umelala kwenye bati la moto, petroli yenyewe hutoa mapovu ya mvuke, na kwenye mpira unaoonyesha ndani siwezi kuyatofautisha na upepo. Mimi hurudia kipimo alfajiri, na hata hivyo hubaki na mashaka. Koili, inayotoa umeme wa moto wa plagi, ikiwa inakufa inapopata joto, nayo imewahi kunidanganya. Moto ukikatika mashine huzima ghafla, na mafuta yakikatika huzama polepole, lakini kuna koili inayokata silinda moja kabla ya nyingine, na hapo nilibadilisha pampu ya mteja bila sababu na nikalazimika kumrudishia fedha.

Kwa hiyo, ukinijia na mashine inayozima na kuwaka, usifungue kitu chochote. Leta tanki au dumu likiwa na kifuniko chake na petroli ileile, mpira na klampu zake kama zilivyokuwa ziwani, na uniambie ulijaza wapi, uliondoka saa ngapi na ilizima saa ngapi. Kabureta ije ikiwa imefungwa kwenye mashine yake.